Kiunzi Kisichoyumba: Umbo na Malighafi katika Mashine ya Kuchonga Mbao

Apitaye Keko, wilayani Temeke jijini Dar es Salaam, hukutana na vitanda, makabati na milango iliyopangwa kandokando ya njia, na nyuma yake karakana ambamo mafundi wanakata, wanapiga randa na kunakshi. Kwa miaka mingi nakshi za samani hizo zilichongwa kwa patasi na nyundo ya mbao tu. Siku hizi baadhi ya karakana, za huko na za sehemu za Kinondoni, zinatumia mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ambayo mafundi huiita kwa ufupi CNC. Mota moja huzungusha kisu kwa kasi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, na mota nyingine hukisogeza kisu hicho kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini, kufuata mchoro uliomo katika kompyuta.

Wazo hili si geni. Mwaka 1952 Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, kilionyesha hadharani mashine ya kukata chuma iliyoongozwa na tarakimu zilizotobolewa katika utepe wa karatasi. Mashine ile ilijaza chumba kwa mitambo yake ya umeme. Leo kazi ya mitambo hiyo hufanywa na kibao cha elektroniki kinachoenea kiganjani, na programu za kukiendesha zapatikana bila malipo. Kwa hiyo fundi asiye na uwezo wa kuagiza mashine kamili kutoka ng'ambo anaweza kufikiria kujiundia yake. Ubongo wa mashine ataupata kwa bei nafuu. Mifupa yake ndiyo inayowashinda wengi. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini kiunzi cha mashine hupinda, na jinsi ya kuchagua umbo na malighafi ili kisipinde kupita kiasi.

Kisu kinachosukumwa

Katika miaka ya 2010 vijana wabunifu wa Dar es Salaam walionyesha kwamba mashine ya kuchapa vitu vya plastiki, tabaka juu ya tabaka, yaweza kuundwa kwa mota, fimbo na mikanda iliyotolewa katika printa na kompyuta chakavu. Ilikuwa kazi ya kusifiwa, nayo iliwatia wengi moyo wa kuunda mashine ya kuchonga kwa njia ile ile. Lakini mashine hizi mbili hutofautiana katika jambo moja la msingi. Mdomo wa mashine ya kuchapa hudondosha plastiki iliyoyeyuka na kwa kawaida hausukumwi na kitu. Kisu cha kuchonga, kwa upande wake, hupambana na mbao, na kwa kadiri kinavyoisukuma mbao ndivyo mbao nayo inavyokisukuma.

Kani hiyo hubadilika kwa ugumu wa mbao, kina cha mkato na ukali wa kisu. Kwa ajili ya hesabu zetu tuchukue kani ya nyutoni 100, ambayo ni takriban uzito wa kilo 10. Kiunzi kikipinda chini ya kani hiyo, kisu huiacha njia yake. Nakshi iliyopaswa kuwa mviringo huwa yai, na ncha mbili zilizopaswa kukutana hupishana. Baya zaidi ni mtetemo: kiunzi hupinda, hurudi, hupinda tena mara nyingi kwa sekunde, na kisu huacha alama kama mawimbi, huunguza mbao au huvunjika. Ubao wa mninga ukiharibika hivyo haurudi kuwa ubao, na hasara huwa ya fundi mwenyewe.

Nguvu na ukakamavu

Yafaa kwanza tutofautishe sifa mbili ambazo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Nguvu ya kitu ni uwezo wake wa kubeba mzigo bila kuvunjika. Ukakamavu ni uwezo wake wa kubeba mzigo bila kupinda. Ufito mbichi una nguvu ya kutosha, kwani waweza kuupinda sana usivunjike, lakini hauna ukakamavu. Chaki ni kinyume chake: haipindi hata kidogo, lakini huvunjika kwa vidole viwili. Kiunzi cha mashine ya kuchonga hakipati kuvunjika kwa kani ya kisu. Kinachotakiwa kwacho ni ukakamavu.

Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alitangaza kanuni kwamba kitu kinyumbukacho hunyumbuka kwa kadiri ya kani inayokivuta: kani ikiongezwa mara mbili, mnyumbuko nao huongezeka mara mbili. Baadaye ukapatikana mpango wa kupima ukakamavu wa kila malighafi kwa tarakimu moja, iitwayo kigezo cha Young kwa heshima ya mwanasayansi Thomas Young. Kwa kizio cha nyutoni kwa milimita ya mraba, tarakimu hizo ni takriban kama ifuatavyo:

Chuma cha pua: 200,000
Chuma cha kusubu: 100,000 na zaidi
Aluminiamu: 70,000
Zege: 25,000 hadi 30,000
Mbao ngumu kavu, kufuata nyuzi zake: 10,000 hadi 14,000
Plaiwudi: 6,000 hadi 10,000
MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa: 3,000 hadi 4,000

Kuna mambo mawili ya kuzingatia hapa. Kwanza, vyuma vya pua vya kila daraja vina ukakamavu unaokaribiana sana. Chuma cha bei kubwa kilichotiwa ugumu kina nguvu zaidi kuliko chuma laini cha dukani, lakini hakipungui kupinda. Hakuna haja ya kukinunua kwa ajili ya kiunzi. Pili, chuma kina uzito wa karibu mara tatu ya aluminiamu na ukakamavu wa karibu mara tatu vilevile. Na mbao kavu, kwa kulinganisha ukakamavu na uzito wake, haiko nyuma sana. Kwa hiyo swali la "malighafi gani?" peke yake halitoi jibu. Hatuna budi kutazama umbo.

Umbo hushinda uzito

Sehemu inayojaribiwa zaidi katika mashine hii ni daraja, yaani boriti inayovuka juu ya kazi na kubeba mota ya kisu. Boriti iliyoegemezwa ncha zake mbili na kusukumwa katikati hupinda kwa kiasi hiki: kani mara urefu uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu, yote yagawanywe kwa 48 mara kigezo cha Young mara kipimo cha umbo. Kipimo cha umbo cha boriti ya mstatili ni upana mara kimo kilichozidishwa kwa chenyewe mara tatu, kugawanywa kwa 12. Kimo hapa ni ule upande unaoelekea kani.

Tuchukue daraja la urefu wa mita 1, ambalo huweza kuvuka mlango wa kawaida, na kani yetu ya nyutoni 100. Tupime mpindo kwa milimita, tukikumbuka kwamba karatasi ya kuandikia ina unene wa takriban milimita 0.1.

Nondo ya mraba iliyojaa, milimita 24 kwa 24, yenye uzito wa kilo 4.5, hupinda milimita 0.38, karibu karatasi nne. Chuma kile kile, kwa uzito ule ule, kikifanywa bomba la mraba la milimita 50 kwa 50 lenye ukuta wa milimita 3, hupinda milimita 0.05, nusu ya karatasi. Ukakamavu umeongezeka zaidi ya mara saba, na chuma hakikuongezwa hata gramu moja. Sababu ni kwamba chuma kilichoko katikati ya boriti hakifanyi kazi kubwa. Kilichoko mbali na katikati ndicho kinachozuia mpindo. Bomba la milimita 100 kwa 100 lenye ukuta huo huo wa milimita 3 lina uzito wa kilo 9 na hupinda milimita 0.006 tu. Uzito umekuwa mara mbili, ukakamavu karibu mara tisa.

Mafundi wa mageti na grili hutumia sana mabomba yenye ukuta mwembamba. Bomba la 100 kwa 100 lenye ukuta wa milimita 1.5 lina uzito karibu sawa na lile la 50 kwa 50 lenye ukuta wa milimita 3, nalo hupinda mara nne na nusu chini yake. Hata hivyo ukuta mwembamba hubonyea penye bolti na hutoboka upesi wakati wa kuchomelea. Kwa hiyo mahali pa kufunga reli na miguu ya daraja pawekwe kipande cha bamba nene.

Urefu nao una adhabu kali. Daraja la mita 1.4, linalotakiwa ili kuvuka plaiwudi ya futi nne, hupinda karibu mara mbili na robo tatu ya lile la mita 1. Fundi wa milango na vitanda afanye daraja livuke upande mfupi wa kazi, na upande mrefu upitie chini yake. Vivyo hivyo miguu ya daraja: mguu ukirefushwa mara mbili hupinda mara nane. Asiyechonga kitu chenye kimo cha zaidi ya sentimita 10 hana sababu ya kuwa na daraja refu kama lango la uwanja.

Fimbo mbili zinazong'aa

Kosa linalorudiwa mara nyingi hutokana na zile printa chakavu. Fimbo za chuma laini zinazong'aa, ambazo ndani ya printa hubeba kichwa cha wino, huvutia macho ya muundaji, naye hutafuta nyingine nene zaidi na kuzifanya reli zenye kushikwa ncha zake mbili tu. Hebu tufanye hesabu. Fimbo mbili zenye kipenyo cha milimita 16, urefu wa mita 1, zikigawana kani ya nyutoni 100, hupinda milimita 1.6. Hizo ni karatasi kumi na sita. Fimbo hizo zimenyooka na zina nguvu, lakini chuma chake chote kimekusanyika karibu na katikati. Reli ya namna yoyote na ilazwe juu ya boriti iliyo kakamavu na kufungwa kwa bolti katika urefu wake wote. Kazi ya reli ni kuongoza. Kazi ya kubeba ni ya boriti.

Kusokoteka

Kisu hakiko ndani ya boriti, bali huning'inia chini yake. Kani ikikisukuma kisu, boriti haipindi tu, husokoteka pia, kama nguo inayokamuliwa. Hapa tofauti kati ya umbo lililofungwa na umbo lililo wazi ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Msomaji anaweza kujaribu mwenyewe: akunje karatasi ngumu iwe bomba, aigundishe ukingo kwa ukingo, kisha ajaribu kuisokota. Halafu aikate kwa wembe kufuata urefu wake na kuisokota tena. Karatasi ni ile ile, lakini sasa haina ukaidi wowote.

Kwa bomba letu la milimita 50 lenye ukuta wa milimita 3, kisu kikiwa milimita 200 chini ya boriti, msokoto huongeza milimita 0.04 kwenye ncha ya kisu. Bomba hilo likipasuliwa kwa urefu wake, msokoto huzidi mara 180, na ncha ya kisu husogea zaidi ya milimita 7. Ndiyo maana chuma cha pembe na chuma cha umbo la U, ambavyo hufaa kwa kazi nyingine za karakana, havifai kuwa daraja vikiwa peke yake. Aliye navyo aviunganishe viwili viwili na kuvichomelea viwe sanduku.

Mbao, zege na hali ya hewa

Je, mbao haifai? Ubao wa mbili kwa nne, uliosimamishwa ili inchi nne zielekee kani, hupinda milimita 0.045, karibu sawa na bomba la chuma la milimita 50, na una uzito mdogo zaidi. Ukilazwa, hupinda mara nne zaidi. Hesabu hii yaonyesha kwamba mbao si ya kudharauliwa. Udhaifu wake uko katika siku zinazopita. Mbao huvuta unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Kwa urefu hubadilika kidogo mno, lakini kwa upana ubao wa milimita 100 waweza kutanuka na kusinyaa kwa nusu milimita au zaidi, na kujikunja pamoja na hayo. Mninga husifiwa kwa kutulia kuliko mbao nyingi. Hata hivyo, reli iliyonyooshwa mwezi wa Februari juu ya ubao isitarajiwe kuwa imenyooka mwezi wa Mei. Tena mbao inayobebeshwa mzigo siku zote huendelea kulegea polepole. Kiunzi cha mbao kinafaa kwa mashine ya kwanza ya kujifunzia, na chaweza kutumika kuchonga sehemu za mashine ya pili.

MDF, yenye kigezo kidogo kuliko zote tulizotaja, ina mahali pake: iwe uso wa meza ambapo kazi hufungwa. Mashine ikishakamilika, hupewa kazi ya kuukwangua uso huo mpaka uwe sambamba na mwendo wa kisu. Ukichakaa hukwanguliwa tena, na mwisho hubadilishwa.

Zege nalo hutajwa sana. Likijazwa ndani ya bomba letu la milimita 50, ukakamavu huongezeka kwa sehemu moja tu ya tano, ambapo uzito huwa zaidi ya mara mbili. Faida yake halisi ni kutuliza mtetemo. Kwa hiyo zege, au mchanga mkavu, liwekwe katika kitanda cha mashine kilichosimama mahali pamoja. Daraja huanza na kusimama mara elfu kwa siku, na kila kilo iliyoongezwa humchosha mota.

Ama kuhusu joto, karakana iliyoezekwa bati hupata moto mchana. Kwa nyuzi 10 za Selsiasi, mita 1 ya chuma hurefuka milimita 0.12, na ya aluminiamu milimita 0.23. Reli ya chuma iliyofungwa juu ya boriti ya aluminiamu hushindana nayo, na boriti hujikunja. Malighafi moja kwa boriti na reli huepusha ugomvi huo.

Viungo

Mipindo ya boriti, miguu, reli na beringi hujumlishwa pamoja, na sehemu iliyo legevu kuliko zote ndiyo inayotawala. Haifai kununua boriti nene kisha kuishikiza kwa bolti mbili nyembamba. Viungo viwe vipana, na pembe ziwekewe bamba la pembetatu.

Kuchomelea kuna tabia ya kuvuta: chuma kilichoyeyuka kikipoa husinyaa na kukokota kiunzi pamoja nacho. Fundi ashikize kwanza kiunzi chote kwa nukta chache, apime mshazari kwa mshazari, kisha achomelee vipande vifupi akihama kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Hata akifanya hivyo, uso hautakuwa sawa kwa kiwango cha kuwekea reli. Usawa hupatikana baadaye, kwa kuweka chini ya reli vipande vyembamba vya bati, au kwa kumimina gundi ya epoksi iliyo nyepesi, ambayo hujisawazisha kama maji kabla ya kuganda.

Jaribio la ndoo

Kabla ya kununua vifaa vya umeme, muundaji na akipime kiunzi chake. Aweke chini ya katikati ya daraja bolti iliyosimama juu ya kitanda, airekebishe mpaka karatasi moja ipite kwa shida kidogo kati ya bolti na daraja, kisha aongeze karatasi ya pili na kuishusha bolti ipasavyo. Sasa aitoe karatasi moja, aning'inize katikati ya daraja ndoo yenye lita 10 za maji, na aivute ile iliyobaki. Ikiwa imebanwa, daraja limeshuka kwa unene wa karatasi moja au zaidi. Baada ya hapo afunge mizani ya ndoana kwenye ncha ya kisu, aivute kwa kilo 10 kwa upande, mbele na nyuma, na kupima kwa njia ile ile. Jaribio hili la pili ni kali zaidi, kwa sababu linajumlisha mpindo, msokoto, miguu na viungo vyote. Kwa nakshi za milango na vitanda, jumla isiyozidi karatasi mbili yaweza kuvumilika. Anayekusudia kukata aluminiamu atahitaji kiunzi kikakamavu zaidi ya hapo.

Kwa muhtasari, mwenye fedha kidogo atapata ukakamavu mwingi kwa kufuata utaratibu huu: kwanza afupishe daraja na miguu yake; pili achague bomba pana lililofungwa; tatu aimarishe viungo; nne alaze reli juu ya boriti kwa urefu wake wote; na mwisho aongeze uzito katika kitanda. Mabomba ya chuma laini, mashine ya kuchomelea na mikono yenye ujuzi vipo tayari katika mitaa ya Temeke na Kinondoni. Kinachoongezwa ni hesabu ya nusu saa kwa kalamu na karatasi, nayo ifanyike kabla ya kukata bomba la kwanza.